Ushindi wa Tano na Deni la Mtani

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii tulifundishwa shuleni tungali watoto, tukaiandika katika madaftari yetu na kuitolea maana mbele ya mwalimu. Lakini yaonekana maana tuliyoitoa siku zile ilikuwa ya mdomoni tu, kwani ilitubidi tuvuke umri wa miaka 50 ndipo ituingie moyoni. Aliyetufahamisha hakuwa mwalimu wala kitabu. Tulifahamishwa na mechi moja ya kandanda, na mtu mmoja aliyeshindwa katika mechi hiyo.

Mechi tunayoizungumzia ni ile ya Ligi Kuu iliyochezwa Jumapili, tarehe 5 Novemba, 2023, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, baina ya Simba na Yanga. Matokeo yake hayana haja ya kutafutwa katika makabrasha: Yanga mabao 5, Simba bao 1. Na tukiri mapema, ili msomaji asije akadhani tunajificha nyuma ya kalamu, kwamba sisi ni watu wa Yanga. Tulizaliwa Tabora katika nyumba ya baba aliyekuwa mpenzi wa Simba. Lakini mjomba wetu, aliyekuwa fundi wa reli, alitunyakua tungali wadogo kwa kutununulia miwa kila Yanga iliposhinda, na mtoto hufuata utamu. Redio ya mjomba iliwekwa dirishani, na jirani wote wakaketi chini ya mwembe kusikiliza matangazo ya Radio Tanzania. Hapo ndipo tulipojua kuwa mtangazaji hodari aweza kumfanya mtu wa Tabora auone uwanja wa Dar es Salaam hali hajapata kuukanyaga.

Vilabu hivi viwili ni vikongwe kuliko taifa lenyewe. Yanga iliundwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Na hii ya pili ilijulikana kwa jina la Sunderland hadi mwaka 1971 ilipojipatia jina la mnyama wa porini kwetu. Majengo yao, lile la Jangwani na lile la Msimbazi, yamo katika eneo moja la Kariakoo, na mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka huku hadi kule. Watu wa vilabu hivi walikuwa wakinunua samaki soko moja, wakisali misikiti mamoja, wakioana na kuzikana. Ndiyo sababu wananchi hawakuwaita mahasimu. Waliwaita watani wa jadi. Jina hilo halikuokotwa jalalani. Lilichukuliwa katika mila zetu, na mwenye kulitumia hana budi kujua limebeba nini.

Utani ni ada ya kale katika nchi yetu. Wangoni na Wahehe, ambao mababu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Na wazee hutueleza kwamba utani huo ulitokana na safari za misafara, pale wapagazi kutoka bara walipokuwa wakipita nchi ya Uzaramo kwenda pwani na kurudi, wakihitaji maji, mahali pa kulala, na mtu wa kuwazika mauti yakiwafika njiani. Watu wengi leo hudhani utani ni ruhusa ya kutukana. La. Ruhusa ni upande mmoja wa sarafu. Upande wa pili ni wajibu, na wajibu huo huonekana msibani. Mtani ndiye anayetazamiwa kufika mapema, kusaidia kuchimba kaburi, kutafuta sanda na kuishona, kuteka maji, na kuwachekesha wafiwa pale ambapo mtu mwingine yeyote angecheka angepigwa. Kwa maneno mengine, mtani hupewa haki ya kutucheka siku za furaha kwa kuwa amekwisha kulipa, au atakuja kulipa, siku za majonzi.

Katika ofisi yetu ya serikali palikuwa na karani mmoja wa masijala, mtu wa makamo kama sisi, Mzaramo wa Kisarawe, na mpenzi wa Simba wa kupindukia. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu mara mbili: kwa kabila na kwa kandanda. Tulifanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Jalada likichelewa kutoka masijala, tulisema limekaliwa na mnyama. Na sisi tukikosea tarehe katika barua, alisema watu wa Jangwani hawajui hesabu kwa kuwa wamezoea mafuriko. Siku ya mechi ile tulikwenda uwanjani pamoja kwa daladala moja, yeye kavaa nyekundu, sisi kijani, tukagawana karanga za kifuko kimoja, tukaachana langoni kila mtu akashika upande wake.

Hatuna budi sasa kuuchambua mchezo wenyewe, maana bila ya kuuchambua hatutaelewa kilichofuata. Dakika ya 3 tu Kennedy Musonda aliipatia Yanga bao la kwanza, na upande wetu wa uwanja ukawa kama bahari iliyochafuka. Lakini dakika ya 9 Kibu Denis alisawazisha, na timu zikaenda mapumziko zikiwa zimefungana bao 1 kwa 1. Kipindi cha pili ndicho kilicholeta gharika. Maxi Nzengeli alifunga dakika ya 64. Stephane Aziz Ki akafunga dakika ya 73. Maxi akarudi tena dakika ya 77. Na Pacome Zouzoua akahitimisha kwa penalti dakika ya 87. Mabao 4 katika muda wa dakika 23.

Kwa maoni yetu, sababu za ushindi ule zilikuwa tatu. Kwanza, ni umbo la timu. Mwalimu wa Yanga, Miguel Gamondi kutoka Argentina, aliweka mshambuliaji mmoja mbele na nyuma yake mafundi watatu, Maxi, Aziz Ki na Pacome, ambao hawakukaa mahali pamoja. Huyu akiingia ndani, yule hutoka pembeni. Beki akimfuata mmoja, mwingine huingia katika nafasi iliyoachwa. Pili, ni pumzi. Timu iliyotaka kuupora mpira mara tu inapoupoteza haina budi kuwa na mapafu, na Yanga ilikuwa nayo: wenzao walipoanza kushika viuno, wao walikuwa ndio kwanza wanaongeza mwendo. Tatu, ni subira. Baada ya kusawazishiwa hawakupaparika wala hawakuanza kubutua mpira mbele kwa hasira. Waliendelea kupasiana kama watu wanaosuka ukili, wakijua kwamba mkeka hauishi kwa siku moja.

Hayo ndiyo tuliyoyaona, na ni ya kweli. Lakini msomaji ataona kwamba yote matatu ni sifa. Hatukuona ila hata moja. Mtu aliyeshiba haoni nzi katika mchuzi.

Jumatatu mtani wetu alikuja kazini kama kawaida, akanyanyua mkono kabla hatujafungua kinywa, akasema, “Najua, najua. Vidole vitano. Mungu mwenyewe ndiye aliyeniumba navyo, sikuvipata kwenu.” Tukacheka sote. Laiti tungaliachia hapo! Lakini Jumanne, tarehe 7, ilipotangazwa kwamba Simba imeachana na kocha wake Roberto Oliveira wa Brazili, tulishikwa na kichaa cha utunzi. Sisi tumejaliwa kidogo katika fani ya ushairi, na tumetumia kipaji hicho kwa harusi, kwa sikukuu za Taifa, na kwa kuwaaga wastaafu. Siku ile tulikitumia kwa kejeli. Tulitunga shairi la beti 5, kila ubeti kwa bao moja, na bao la Simba tukalitengea nusu ya mstari. Tukaliweka katika kundi la WhatsApp la ofisi, nalo likapokewa kwa vifijo. Vijana wakaongeza picha, akina mama wakaongeza vibwagizo, na hadi usiku wa manane simu zilikuwa zikilia.

Jumatano mtani wetu hakufika kazini. Tukasema, amekimbia tano. Tukachukua jalada tupu, tukatia ndani karatasi 5 nyeupe zilizopigwa muhuri wa kupokelewa, tukaliweka juu ya meza yake pamoja na kijibarua: “Kwa hatua zako.” Alhamisi pia hakuja, nasi tukatunga ubeti wa sita juu ya mtoro. Ijumaa asubuhi dereva wa ofisi alitukuta uani tukinywa chai, akatusalimu kwa heshima, kisha akauliza, “Mzee, mbona jana hatukukuona Kisarawe?”

Mama yake mtani wetu alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, akazikwa Alhamisi alasiri. Taarifa ililetwa katika kundi lile lile la simu, saa 12 asubuhi, maneno machache tu, kama zilivyo taarifa za msiba. Walioamka mapema waliiona. Sisi tulipofungua simu tulikuta mizaha zaidi ya mia imekwisha kurundikwa juu yake, nasi tukaanza kusoma mizaha, na kujibu mizaha, na kutafuta palipotajwa shairi letu. Habari ya kifo ilipita katikati ya kicheko chetu kama mtu apitaye sokoni asiulizwe hali. Na wenzetu waliokwenda mazishini hawakutukumbusha kwa sababu ambayo hadi leo hututia soni: walidhani tumetangulia. Walisema mtani hakumbushwi, mtani hutangulia.

Jumamosi tulishika njia. Mvua za El Nino za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kuanza, na baada ya kushuka basini tulipanda pikipiki iliyotupitisha katika matope mekundu hadi kijijini. Njiani tulikuwa tukitunga maneno ya kuomba radhi, kwa kuwa utunzi ndio ugonjwa wetu. Na kila maneno tuliyoyatunga tuliyaona ni mepesi. Tukamkuta ameketi jamvini chini ya mkorosho pamoja na wazee. Hatukujua tuanzie wapi. Akatutazama kwa muda, akatazama viatu vyetu vilivyojaa matope, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na jamvi zima:

“Karibu, mtani. Umechelewa kuliko mabeki wetu.”

Wazee wakaangua kicheko, nasi machozi yakatutoka. Alitukatia tikiti la kurudi nyumbani kwa mzaha mmoja, yeye aliyefiwa, sisi tuliokosa. Tuliposema kwamba tumekosa, mzee mmoja alijibu kwa niaba yake kuwa kosa la mtani halisamehewi bure, hutozwa faini. Tukauliza kiasi gani. Mtani wetu akakunjua vidole vyote vya mkono: “Jogoo watano. Hesabu unaijua.” Siku ile tulikuwa na uwezo wa kununua jogoo wawili pale kijijini. Watatu wakabaki deni.

Baada ya chakula tulikaa faraghani, na mazungumzo, kama yalivyozoea, yakaelekea uwanjani. Sisi tuliogopa kuyaanzisha. Aliyeyaanzisha ni yeye. Akatuuliza tulionaje mchezo. Tukamtajia zile sababu zetu tatu, kwa unyenyekevu kuliko tulivyozitaja ofisini. Akazikubali zote. Kisha akasema, “Mtani, wewe ulikuwa unashangilia, kwa hiyo mabao matano uliyaona mara moja moja. Mimi nilikuwa ninaumia, kwa hiyo niliyaona mara kumi kumi. Nikueleze usiyoyaona.”

Akatueleza mambo matatu. La kwanza ni kwamba kwa muda wote wa kipindi cha kwanza, baada ya dakika ya 9, timu zilikuwa sawa, na kwamba Yanga haikupata kuwa bora hadi pale Simba ilipopoteza mpangilio wake katikati ya uwanja. “Mlitushinda,” alisema, “lakini nasi tuliwasaidia.” La pili ni kwamba mabeki wetu wa pembeni hupanda wote wawili, wakiacha nyuma yao uwanda mpana kama shamba lililokwisha kuvunwa. Simba haikuwa na utulivu wa kuutumia uwanda ule siku hiyo; lakini timu yenye subira, inayojua kungoja na kisha kukimbia, ingeutumia. La tatu alilisema polepole. “Hesabu mabao ya siku ile, mtani. Yalikuwa sita. Musonda ni wa Zambia, Maxi ni wa Kongo, Aziz Ki ni wa Burkina Faso, Pacome ni wa Ivory Coast. Bao lililofungwa na raia wa nchi hii ni moja tu, la Kibu, nalo ni letu sisi tuliofungwa. Sisemi wageni wasije. Wageni ni ndugu zetu na ni walimu wa vijana wetu. Nasema, unaposherehekea shule, uliza pia mwanao anasoma au anafagia.”

Tulirudi Dar es Salaam tukiwa kimya. Katika muda wa siku sita tulikuwa tumesoma maandishi ya washindi wenzetu juu ya mechi ile, tumesikiliza redio, tumebishana vijiweni, na katika yote hayo hatukusikia hata ila moja ya timu yetu. Maneno ya maana zaidi juu ya ushindi wa Yanga tuliyapata kwa mtu wa Simba, katika jamvi la msiba ambao tulikuwa karibu tuukose.

Naam, siku hazigandi. Tarehe 24 Novemba, siku 19 tu baada ya shangwe ile, Yanga ilicheza mechi yake ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika huko Algeria, dhidi ya CR Belouizdad. Ilifungwa mabao 3 kwa 0. Kikosi ni kile kile kilichotufanya tuimbe, mwalimu ni yule yule. Jumatatu iliyofuata tulifika ofisini mapema ili tuketi kabla ya kuchekwa. Mtani wetu aliingia, akatupita hadi mezani pake bila ya kusema neno, akafungua majalada yake, akapiga mihuri kadiri ya robo saa. Kisha akanyanyua kichwa: “Mtani, lile deni la jogoo watatu nimelifuta. Watu wa Algeria wamekulipia.”

Kilichotokea baadaye ndicho kinachotupa matumaini, na ni haki kukieleza. Timu haikujidanganya kwa ule ushindi wa tano. Ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Al Ahly ya Misri jijini Dar es Salaam, ikatoka sare kama hiyo na Medeama huko Ghana, ikamshinda Medeama 3 kwa 0 nyumbani. Na tarehe 24 Februari, 2024, ilipokutana tena na Belouizdad katika uwanja wa Benjamin Mkapa, ilishinda mabao 4 kwa 0. Mwisho wa makundi Yanga na Belouizdad zilikuwa na pointi 8 kila mmoja, na kilichoipeleka Yanga katika robo fainali ni hesabu ya mechi zao mbili: walifungwa 3, wakafunga 4. Tazama jinsi mambo yalivyo. Ushindi wa tano uliotutia wazimu ulitupa pointi 3 za ligi. Kipigo cha tatu kilichotuuma kilitufundisha kwamba bao la nne lina thamani. Katika robo fainali Yanga ilitoka sare mara mbili bila ya mabao na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, ikatolewa kwa penalti. Na msimu ulipokwisha ilikuwa bingwa wa ligi, na Aziz Ki akawa mfungaji bora kwa mabao 21.

Tukiitazama historia ya watani hawa tunaona kwamba somo hili si geni. Mwaka 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5 kwa 0. Mwaka 1977 Simba ikalipa kwa 6 kwa 0, na Abdallah Kibaden akafunga mabao 3 peke yake. Mwaka 2012 Simba tena, 5 kwa 0. Tarehe 20 Oktoba, 2013, Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3 kwa 0, baadhi yetu tukaanza kuimba nyimbo za mwisho, na mechi ikaisha 3 kwa 3. Hata katika mwaka ule ule wa 2023 tunaouimba, Simba ilikuwa imetufunga 2 kwa 0 mwezi Aprili, na mwezi Agosti ikatushinda kwa penalti katika mechi ya Ngao ya Jamii huko Tanga. Mwenye kushinda leo hana hati ya kumiliki kesho.

Lakini katika hayo yote kuna tukio moja ambalo hatulisahau. Miongoni mwa wafungaji wa Simba katika ile mechi ya tarehe 6 Mei, 2012, alikuwa Patrick Mafisango, kiungo wa timu ya taifa ya Rwanda. Siku 11 baadaye alifariki katika ajali ya gari jijini Dar es Salaam. Sisi tuliokuwa tukilitaja jina lake kwa uchungu kwa kuwa alitufunga, tulijikuta tukilitaja kwa uchungu mwingine kabisa. Siku ile hatukuulizana nani kavaa rangi gani. Hapo utani ulikamilika: yule uliyetamani avunjike mguu katika mchezo, ndiye unayemlilia.

Sasa twaweza kusema tuliyokusudia kuyasema. Ushindi juu ya mtani ni mtamu kuliko ushindi mwingine wowote, na kwa sababu hiyo hiyo ndio unaohitaji kuchunguzwa zaidi. Aliyeshindwa hana haja ya kuhimizwa ajichunguze, maumivu humhimiza. Mshindi ndiye anayehitaji mtu wa kumvuta kanzu. Mababu zetu walilijua jambo hili, ndipo wakaweka mtani: mtu aliye karibu kiasi cha kutujua, na mbali kiasi cha kutotuogopa, mtu ambaye akitwambia ila zetu hatuwezi kumshtaki kwa mzee wa kijiji, maana ni haki yake. Utani ni kioo. Anayeutumia kwa kumcheka mwenzake tu, pasipo kumsikiliza, amekigeuza kioo akaangalia ubao wa nyuma.

Na jambo hili halihusu kandanda peke yake. Katika miaka yetu ya utumishi tumeandika taarifa nyingi za mafanikio, na tumezisoma nyingi zaidi. Zote zina mabao, hazina mabeki. Laiti kila taarifa ya mafanikio, kabla ya kupigwa muhuri, ingalipitishwa kwa mtani mmoja mwenye ulimi mkali na moyo mwema, akaisoma kwa macho ya mtu aliyefungwa, na akatwambia pale tulipoacha uwanda nyuma yetu! Ila sharti la kupata huduma hiyo ni moja, nalo ni lile lile la zamani: tufike msibani kwake.

Mwaka mmoja baadaye mtani wetu alistaafu. Tuliombwa tutunge shairi la kumuaga, nasi tulitunga. Lile la beti tano tulikuwa tumekwisha kulifuta. Yeye alituambia kwamba analo bado katika simu yake, na kwamba vina vyake vilikuwa vizuri. Ubeti wa mwisho wa shairi la kuaga ndio huu, na twauacha hapa kwa vijana wa pande zote mbili:

Mshinde mtani wako, kishapo mpe mkono,
Dunia ni mzunguko, leo tano kesho tano,
Kicheko kina miiko, na maneno yana meno,
Siku ya mazishi yako, ndiye mshika sindano.